Kidonda Kisichopona: Jinsi Jua Linavyopanda na Kueneza Kansa ya Ngozi

Mkulima wa kahawa akigeuza jani na kuona unga wa rangi ya machungwa chini yake, hangoji mwezi ujao. Ajua kwamba hiyo ni kutu: leo jani moja, kesho mti mzima, na kabla ya mavuno shamba lote. Siku hiyo hiyo hushika bomba lake la dawa. Lakini mkulima huyo huyo huweza kuona kidonda kidogo juu ya sikio la mtoto wake mwenye ualbino, kidonda kilichokaa miezi miwili bila kupona, naye akasema, "Hicho kitakauka chenyewe." Akakipaka mafuta, akachukua jembe, na mtoto akamfuata juani.

Msomaji, mwezi huu twataka kusema nawe juu ya kidonda hicho. Kwa nini hakiponi? Jua lahusika namna gani? Na wewe waweza kufanya nini hapo nyumbani kabla mambo hayajaharibika? Yote tutakayosema yarudi kwenye neno moja: jua halipandi tu mbegu ya kansa ya ngozi, bali pia huifyekea mahali pa kukua, tena humlaza mlinzi aliyewekwa kuizuia. Kwa hivyo kivuli chafaa kila siku, hata kwa mtu ambaye ngozi yake imekwisha kuguswa.

JUA USILOLIONA

Kutoka kwa jua twapata vitu vitatu. Cha kwanza ni mwanga, ambao twauona. Cha pili ni joto, ambalo twalisikia mwilini. Cha tatu ni miale iitwayo altravioleti, na hii hatuioni wala hatuisikii. Hiyo ndiyo inayoharibu ngozi.

Kwa sababu haisikiki, watu wengi hudanganyika. Mtu wa Kinangop huamka kukiwa na baridi, akavaa koti, akasema, "Leo hakuna jua." Kumbe mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Tena, kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa iliyo juu yako inavyopungua, na miale huongezeka nguvu. Kwa kila mita 1,000 huongezeka kama sehemu 10 katika 100. Kwa hivyo, kama mbingu ni safi mahali pote pawili, mtu alimaye kwenye mita 2,500 hupigwa na miale hiyo karibu robo zaidi kuliko mtu aliye ufukoni Mombasa. Joto ni la pwani, lakini miale mikali ni ya milimani.

Jambo jingine ni kwamba Ikweta yapita katika nchi yetu. Jua la adhuhuri husimama karibu na utosi mwaka mzima, wala hatuna miezi ya baridi kali ya kupumzisha ngozi kama watu wa Ulaya.

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji chombo. Simama wima uwanjani, utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, miale si mikali sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali, na mwenye ngozi nyeupe apaswa kuwa kivulini. Hapa kwetu muda huo ni kuanzia kama saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Mfundishe mtoto kipimo hiki. Hata asiyejua kusoma saa aweza kukitumia.

RANGI YA NGOZI NI MWAVULI

Ndani ya ngozi mna rangi iitwayo melanini. Kazi yake ni kuzuia miale ya altravioleti isifike ndani, kama vile makuti yanavyozuia mvua. Mtu mweusi ana melanini nyingi, na kwa hivyo kansa iletwayo na jua ni nadra kwake. Mzungu ana kidogo. Mtu mwenye ualbino hana, au ana kidogo mno. Mwavuli wake haukufunguka.

Hapa yafaa kuondoa uvumi. Ualbino si laana, wala si kosa la mama. Ni jambo la kurithi kutoka pande zote mbili. Baba na mama waweza kuwa weusi kabisa, na kila mmoja akawa amebeba mbegu hiyo bila kujua. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mtoto wanayemzaa ana nafasi moja katika nne ya kuzaliwa na ualbino. Katika hesabu za watu za zamani hawakuwa wakihesabiwa peke yao. Lakini hesabu ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu, wakapatikana 9,729. Hao ni watoto wetu na jirani zetu, na wengi wao huishi mashambani. Waitwe kwa majina yao, wala si kwa yale maneno ya zamani ya dharau.

Madaktari wa Dar es Salaam walioandika juu ya jambo hili mwaka 1985 walieleza kwamba ngozi ya mtu mwenye ualbino huanza kuharibiwa na jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Fikiri juu ya mtoto mchanga aliyelazwa kwenye khanga kando ya shamba wakati mama yake anapalilia. Huko ndiko mambo yanakoanzia.

KAZI NNE ZA JUA

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Ndani ya chembe ya ngozi mna maagizo yaitwayo DNA, yaliyoandikwa kama kwa herufi. Maagizo hayo huiambia chembe lini igawanyike, lini ikome na lini ife. Chembe isiyosikia maagizo, ikagawanyika bila kukoma, ndiyo mwanzo wa kansa. Sasa tazama jinsi jua linavyofanya kazi yake.

Kazi ya kwanza ni kuharibu maandishi. Mwale wa altravioleti ukipiga DNA, huweza kugandamanisha herufi mbili zilizo jirani, kama kurasa mbili zilizomwagikiwa uji. Mwili unao mafundi wa kusahihisha, nao hawapumziki. Lakini makosa yakiwa mengi kila siku, mengine hubaki. Kuna agizo moja ambalo wataalamu waliliita p53. Kazi yake ni kuiamuru chembe iliyoharibika isimame au ife. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walichunguza kansa za ngozi zilizotolewa kwa watu, wakakuta kwamba katika nyingi agizo hilo limeharibika, tena lina alama ile ile ya herufi mbili jirani ambayo huachwa na altravioleti. Ilikuwa kama kuziona nyayo za mwizi mlangoni.

Kazi ya pili ni kufyeka nafasi. Ngozi ikiungua kwa jua, chembe zilizopigwa sana hujiua zenyewe ili zisilete madhara. Ndiyo sababu ngozi iliyoungua hubambuka. Lakini chembe iliyopoteza agizo la p53 haisikii amri ya kufa. Jirani zake wanakufa, yenyewe inabaki, na mahali palipoachwa wazi ikapajaza kwa watoto wake. Mkulima aelewa jambo hili upesi. Ukinyunyiza dawa inayoua mahindi na kuyaacha magugu, kila unaponyunyiza wayapa magugu shamba kubwa zaidi.

Kazi ya tatu ni kumlaza mlinzi. Ngozi ina walinzi wake, chembe zizungukazo zikitafuta kilicho kigeni. Miaka ya 1970 huko Marekani, mtaalamu mmoja, Bibi Margaret Kripke, alifanya jaribio na panya. Alichukua uvimbe wa kansa ulioletwa na altravioleti, akaupandikiza kwa panya wazima wa ukoo ule ule. Miili yao iliukataa. Kisha akaupandikiza kwa panya waliokuwa wamekwisha kupigwa na miale ya altravioleti, ingawa wenyewe hawakuwa na kansa. Kwao ulishika na kukua. Miale ilikuwa imewalaza walinzi. Na kwa watu twaona jambo linalofanana na hilo: wenye ngozi nyeupe waliopandikizwa figo, ambao hutumia dawa za kupunguza nguvu za walinzi wa mwili, hupata kansa ya ngozi mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Kazi ya nne ni kufungua njia. Iko kansa nyingine ya ngozi iitwayo melanoma, ambayo huanza katika chembe zitengenezazo rangi. Mwaka 2014 wataalamu wa Bonn, Ujerumani, walitangaza kwamba panya wenye melanoma wakiunguzwa mara kwa mara kwa altravioleti, kansa yao hutawanyika zaidi mpaka kwenye mapafu. Walieleza sababu yake. Ngozi iliyoungua hupiga kelele ya hatari, na chembe nyeupe za damu hukimbilia hapo. Ule uvimbe na wekundu huziamsha chembe za kansa, nazo huanza kutambaa kando ya mishipa ya damu. Panya si mtu, lakini somo lake lafaa: kuunguza ngozi yenye ugonjwa ni kama kumwaga maji juu ya mbegu za magugu.

Kansa iwapatayo zaidi watu wenye ualbino katika Afrika si melanoma. Ni ile ianzayo katika tabaka la juu la ngozi, hasa usoni, masikioni, midomoni, shingoni, na nyuma ya mikono. Hiyo huenda polepole. Hukaa mahali pamoja kwa muda, na wakati huo daktari aweza kuikata ikaisha. Ikiachwa, hula nyama na mfupa, kisha huingia katika tezi za shingo, na kutoka hapo huenda mbali. Polepole hiyo ndiyo nafasi uliyopewa. Usiipoteze.

BADO HUJACHELEWA

Huenda wasema, "Mtoto wangu amekwisha kuwa mkubwa, na ngozi yake ina madoa na magamba. Kofia itasaidia nini sasa?" Itasaidia sana, na tuna ushahidi.

Ushahidi huo watoka Australia, nchi yenye jua kali na watu wengi wenye ngozi nyeupe. Katika mji wa Nambour, kati ya mwaka 1992 na 1996, watu zaidi ya 1,600 walishiriki katika jaribio. Wengine waliambiwa wajipake dawa ya kukinga jua kila siku, na wengine waliachwa waendelee kama walivyozoea. Waliojipaka kila siku walipata kansa za tabaka la juu la ngozi pungufu kwa karibu sehemu 40 katika 100. Hawa walikuwa watu wazima walioishi juani miaka mingi.

Katika jimbo la Victoria, nchi hiyo hiyo, habari iliyotolewa mwaka 1993 ilikuwa ya ajabu zaidi. Watu 588 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na yale mabaka magumu ya kukwaruza ambayo huweza kugeuka kansa. Waliotumia dawa ya kukinga jua kwa kiangazi kimoja tu walipata mabaka mapya machache, na mengi ya zamani yalitoweka yenyewe. Kwa nini? Tazama tena zile kazi nne. Jua likizuiwa, mafundi hupata nafasi ya kusahihisha, chembe nzima hushika mahali pake, na mlinzi huamka. Mwili hujitetea wenyewe ukipewa kivuli.

MAMBO YA KUFANYA SHAMBANI

1. Panga kazi kwa kivuli. Mtu mwenye ualbino na alime tangu alfajiri mpaka saa tatu, na tena baada ya saa kumi. Kati ya saa hizo ziko kazi nyingi za ndani: kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, kulisha kuku, kuandika hesabu ya maziwa. Si uvivu. Ni mpango mwema wa kazi.

2. Vaa kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, upana wa sentimita 8 au zaidi. Kofia yenye kishungi cha mbele tu huacha masikio na shingo wazi, na hapo ndipo kidonda hupenda kuanza.

3. Vaa mikono mirefu na suruali au rinda refu la kitambaa kilichofumwa kwa kubanana. Kishike juani, ukiona mwanga mwingi wapita, miale nayo yapita. Kumbuka kwamba vitambaa vingi vyepesi vikilowa hupitisha zaidi.

4. Tumia dawa ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi. Ipakwe kwa wingi usoni, masikioni, shingoni na mikononi kabla ya kutoka, na tena kila baada ya saa mbili. Mafuta ya kawaida ya kupaka, ya kupikia au ya ng'ombe hayazuii miale. Na dawa hii si ruhusa ya kukaa juani kutwa. Kofia na kivuli ndivyo vya kwanza.

5. Dawa hiyo ni ya bei. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kuwapa dawa hiyo watu wenye ualbino kupitia hospitali. Uliza katika hospitali ya serikali iliyo karibu nawe, na umwandikishe mtoto mapema.

6. Sema na mwalimu. Mwombe mtoto aruhusiwe kuvaa kofia na mikono mirefu, na asisimamishwe juani wakati wa gwaride na michezo ya mchana.

7. Usitumie mafuta ya kujichubua. Anayeichubua ngozi yake nyeusi auvunja mwavuli aliozaliwa nao.

DALILI ZA KUKUPELEKA HOSPITALI

Kila mwezi mtazame mtoto au ndugu yako mwenye ualbino kwenye mwanga mzuri, kuanzia kichwani. Usiache nyuma ya masikio wala mdomo wa chini. Mpeleke hospitali upesi ukiona mojawapo ya haya: kidonda kisichopona kwa muda wa majuma manne, baka gumu lenye magamba linalokua au linalouma, kinundu kinachotoka damu kikiguswa, au uvimbe katika tezi za shingo.

Kidonda kikiwa kidogo, kazi yake yaweza kuwa ya siku moja. Daktari hukifa ganzi na kukikata, au baka lisilo la ndani huligandisha kwa baridi kali. Kikiwa kikubwa, kazi ni ya miezi mingi, gharama ni kubwa, na pengine hakuna kuponya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Usikichome kwa moto wala usikipake majivu au dawa za majani. Hayo hukificha tu.

Nawe msomaji mweusi, usidhani hayakuhusu. Ngozi yako ina kinga kubwa dhidi ya jua, lakini mahali pengine kansa huja bila jua. Melanoma ya watu weusi mara nyingi huanza katika wayo au chini ya ukucha, kama doa jeusi linalopanuka. Na kidonda cha zamani cha mguuni au kovu la kuungua moto, lisilopona kwa miaka, laweza kugeuka kansa. Hayo pia yaonyeshwe kwa daktari.

MIFUGO NAO

Jua halichagui. Ng'ombe aina ya Hereford mwenye uso mweupe, au Friesian aliye na weupe kuzunguka jicho, aweza kupata kansa ya jicho, hasa akiwa mzee. Huanza kama doa jeupe au kinundu kidogo kwenye mboni au kope, na jicho hutoa machozi. Ng'ombe wa Ayrshire wenye ngozi nyeupe sehemu ya nyuma, chini ya mkia, nao huweza kuipata mahali hapo. Madaktari wa mifugo waliandika juu ya ugonjwa huo hapa Kenya katika miaka ya 1960. Boran na zebu wenye kope nyeusi hawasumbuliwi sana.

Mwite daktari wa mifugo doa likiwa dogo. Likiachwa, ugonjwa huenda kwenye tezi iliyo chini ya sikio, na huenda nyama ikakataliwa machinjioni. Unapochagua fahali wa kuzalisha, chagua mwenye rangi katika kope, maana jambo hilo hurithiwa. Panda miti ya kivuli malishoni, au jenga paa juu ya zizi.

NENO LA MWISHO

Kesho asubuhi, kabla hujaenda kutazama majani ya kahawa, mwite mtoto wako, umgeuze sikio kama unavyoligeuza jani. Ukikuta pako salama, mvishe kofia, umshukuru Mungu. Ukikuta kidonda cha siku nyingi, kahawa na ingoje siku hiyo. Mchukue mtoto, mshike njia ya hospitali mapema, kabla kivuli chenu hakijawa kifupi.